Koki Mbili

Dada alimkuta kaka yake ameinama nyuma ya mashine, mkono umeshika koki ya maji. Si koki yake. Ni ile ya kalibu la dada mtu.

"Unatafuta nini huku?"

"Nimepita tu," kaka akajibu, akajifuta mikono, akaenda zake.

Nimepita tu! Dada alikasirika. Mtoto wa tumbo moja, ufundi wamefundishwa na baba mmoja, leo ndiyo anamfanyia haya.

Bosi alikwisha sema kiwanda kitabaki na fundi mmoja. Kila mtu alete kalibu lake la kufinyangia vifuniko vya ndoo za plastiki, na yule ambaye vifuniko vyake vitapoa upesi bila kupinda, huyo abaki. Kaka alitoboa njia za maji ya kupoza zilizonyooka, kama alivyofanya miaka yote. Dada alizipindisha zake zifuate umbo la kifuniko. Wiki nzima kaka amemcheka mbele za watu: "Hilo kalibu au utumbo wa mbuzi?"

Akaikagua koki yake. Ilikuwa wazi. Basi nimemwahi kabla hajaifunga, akawaza. Na kama asingetokea? Vifuniko vingetoka laini, vimejikunja, na wanawe wangekula nini?

Dawa ya moto ni moto. Akatazama huku na huku, akaifunga koki ya kaka.

Mashine zikaanza. Vifuniko vya dada vilidondoka vigumu, vimenyooka. Vya kaka vilitoka na joto lake lote, vikajipinda juu ya meza kila mtu akiona. Kaka akataka kuinama atazame mabomba, lakini bosi alikwisha zima mashine.

"Visingizio sitaki. Kusanya vyombo vyako."

Dada hakumwonea huruma hata chembe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akajiambia.

Kaka akapita mbele yake, sanduku la vifaa begani. Akasimama.

"Umeshinda kihalali, mdogo wangu," akasema taratibu. "Ila siku nyingine ukimaliza kuunga mipira ya maji, ukumbuke kufungulia maji. Leo nimekufungulia mimi."