Njia Isiyofagiwa

Asubuhi ya maonyesho ya bustani, Zaituni alifika bustanini kabla ya wasaidizi wenzake, akafagia. Wageni wanakuja, nani angeacha uwanja mchafu? Alipomaliza, njia ilikuwa inang'aa na majani makavu yamelundikana pembeni, tayari kuchomwa.

Salome, binti aliyebuni bustani hiyo ili watu wachangie vijana waliozidiwa na mawazo, aliingia akajishika kichwa.

"Mama Nassoro! Majani yangu!"

"Majani gani, mwanangu? Takataka hizi?"

"Tuliyamwaga makusudi, mama. Majani hayo ni zile siku kijana hawezi hata kuinuka kitandani, kushika ufagio tu kunamshinda. Tulitaka watu wayakanyage, wasikie."

Zaituni alitaka kucheka, akamkumbuka mwanawe. Nassoro wake alilala hivyo kiangazi kizima, uwanja umejaa majani, na yeye amesimama mlangoni akimpigia kelele: "Mvivu wewe, inuka ufagie!" Mvua za kwanza ziliponyesha, walikuwa wameshamzika.

"Majaji wako getini," Salome alisema. "Basi tu, mama. Acha."

Zaituni hakuacha. Alichota majani kwa kanga yake, akapiga magoti, akaanza kuyarudisha. Hakuyamwaga. Aliyalaza jani moja moja, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Majaji walipofika, walimkuta bado yuko katikati ya njia. Hakuna aliyemwomba apishe. Walisimama, ncha za viatu vyao zikigusa jani la kwanza.