Nyekundu Ile Ile

Muntasir alipiga ukelele dukani kwake Buguruni hadi mteja akaliachia bakuli alilokuwa akilikagua. Mkewe akatoka mbio chumba cha nyuma, chupa ya rangi ya kucha mkononi.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Wanalitoa! Miaka yote nalisubiri, leo wametangaza!"

Kwenye simu kulikuwa na picha ya gari la zamani la Kimarekani, jekundu, boneti ndefu: gari la mfano, la plastiki, la kuunganisha kipande kwa kipande kwa gundi, na likiisha linakaa kiganjani. Kabatini alikuwa nayo sita ya namna hiyo, na mkewe aliyaita watoto wa mke mwenzie.

"Linakuja jeupe, rangi unapaka mwenyewe," alisema, na ndipo macho yakatua kwenye vidole vya mkewe. Vitatu vilishapakwa rangi nyekundu, haijakauka. Akamshika mkono, akausogeza kwenye kioo cha simu. Kucha na boneti havikupishana hata chembe.

"Ni hii hii, wallahi! Hii hii!"

"Hii ndiyo chupa ya mwisho, haziletwi tena. Na Jumamosi harusi ya mdogo wangu."

Muntasir akauachia mkono polepole. "Basi. We paka tu."

Mkewe akainyanyua chupa kwenye mwanga, akaitikisa. Imebaki nusu. Akazitazama kucha zake tatu, akamtazama mumewe, kisha akakaza kizibo kwa nguvu.

"Nipe pamba nifute," alisema. "Harusini nitakwenda na hina."