Alama Kwenye Lami

Msimamizi wa mafundi wa barabara alinikuta nimepiga magoti kwenye lami, brashi mkononi, napaka rangi nyeupe.

"Kumbe ni wewe, mama!" Akacheka. "Sisi tulidhani hiyo alama ni ya mpimaji. Kivuko cha waenda kwa miguu na njia ya baiskeli, vyote tumevipimia hapo!"

"Ni ya askari, mwanangu. Waliichora siku lori lilipomgonga mume wangu na baiskeli yake. Kila ikififia naipaka upya, namwombea. Mwaka wa sita huu."

Kicheko kikamkauka. "Pole, mama. Sasa ya mpimaji hujaiona? Tusipoipata, kivuko kitabaki hapa hapa."

Nilikuwa nimeiona tangu juzi: msumari mwekundu mbele ya geti la shule, umefunikwa na vumbi. Moyo ulitaka nikane. Mungu anisamehe, nilikawia kidogo. Kisha nikamwonyesha kwa kidole.

Akashusha pumzi. "Basi kivuko kinahamia kule kwa watoto. Hapa yatapita magari. Kesho mashine inakwangua lami yote."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Nikachovya brashi. Upande mmoja ulikuwa bado haujapakwa.