Ukaguzi wa Simu ya Mchumba

Chaja ndiyo iliyomponza mchumba wa kwanza. Alifika kwa Mzee Charo pale Garsen, suti imenyooka, maneno matamu, kisha akauliza kama kuna mahali pa kuchaji simu. Akatoa chaja feki, zile zinazouzwa stendi pamoja na njugu. Mzee Charo akaitazama kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mtu anayeilisha simu yake sumu," akasema, "mwanangu atamlisha nini?"

Mchumba wa pili alikuja na kioo kilichopasuka tangu mwaka jana. Naye akaenda zake.

Mzee Charo hakuwa fundi wala muuza simu. Alikuwa mpenzi wa simu tu, na mapenzi, jamani, ni ugonjwa. Yeye alikuwa na yake kubwa ndani ya kava jeusi la ngozi, na hakukosa msimamo juu ya jambo lolote: protekta ya bei rahisi ni kujidanganya, kamera nne ni za kuringia, pawabanki nzito ni tofali. Betri isishuke chini ya ishirini wala isipite themanini. Na simu ikiwa kwenye chaji, isiguswe! Mkewe Mbodze alizisikia sheria hizi mara nyingi kuliko alivyoisikia Baba Yetu.

"Yangu naijua hata gizani," mzee alipenda kusema, "kwa kuipapasa tu."

"Haya, binti yetu ataolewa na duka la simu basi," Mbodze alimjibu.

Sasa ilikuwa zamu ya Kombe, mkulima wa mpunga kutoka Ozi, na huyu, binti yao Christine alikuwa amempenda kweli kweli. Tatizo, simu yake aliijua: kabambe, kile kisimu cha vitufe, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ilishaanguka mtoni zaidi ya mara moja. Jumamosi Christine akamlilia mama yake.

"Mama, baba akiiona ile, basi tena. Nitazeekea hapa."

"Mwambie aje tu," Mbodze akasema, akipeta mchele. "Mungu si Athumani."

Jumapili baada ya kanisa Kombe akafika na mjomba wake, wamebeba kadzama, kile kibuyu cha pombe ya mnazi cha kuposea. Kwa Wagiriama, wazazi wa msichana wakishakinywa, neno limekwisha, halirudi nyuma. Kombe akapitia jikoni kumwamkia Mbodze, akachelewa huko kidogo, kisha wote wawili wakaja kuketi mkekani. Mjomba akakiweka kibuyu katikati. Mzee Charo hata hakukitupia jicho.

"Kijana, tuione simu."

Christine, aliyesimama mlangoni, akafumba macho. Alipoyafumbua, Kombe alikuwa akitoa kwa mikono miwili simu kubwa inayong'aa, ndani ya kava la kijani kibichi. Lo! Ameiazima wapi huyu? Na baba akiuliza, atajibu nini?

Mzee akavaa miwani, akaipokea. Aliishika tu, kioo kikafunguka.

"Haina hata lock! Huyu ni mtu asiye na la kuficha."

Mjomba akakohoa.

"Picha na meseji za watu mimi sifungui," mzee akatangaza. "Natazama afya." Akatazama. Asilimia sabini na tisa. "Mnaona? Hakuijaza mia!" Akachungulia tundu la chaji. Vumbi la ng'ombe wa mnadani hapa Garsen halina adabu, linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, lakini lile tundu lilikuwa safi. App ya kubeti, hakuna hata moja. Kwenye kioo, badala ya picha ya mwanamuziki, weusi mtupu. "Unaokoa betri huo. Haya mambo umefundishwa na nani?"

"Nimeyapata humu humu ndani, Baba," Kombe akasema kwa sauti ndogo.

Mzee akayeyuka. "Na ni aina ile ile ya yangu! Mbodze, niletee yangu tuzilinganishe."

"Iko kwenye chaji, Baba Christine. Si ulisema isiguswe?"

"Kweli, kweli." Mzee akaona haya kuivunja sheria yake mbele ya wageni. Akaipima ile ya kijani kiganjani, akaigeuzageuza. "Lakini niseme haki. Yangu imechoka kidogo. Hii bado ina kifua. Kijana, kwa kutunza umenishinda."

Christine alikuwa akingoja swali moja tu: umeitoa wapi? Halikuja. Baba yake alimrudishia Kombe simu, kisha akakivuta kibuyu.

"Christine, tunywe?"

"Kunyweni, baba!" Alijibu upesi hata mjomba akacheka.

Mzee akanywa. Mbodze akanywa, akafuta mdomo kwa leso yake. Hapo majirani waliokuwa wamejibanza nje ya ua wakapiga vigelegele, na Christine akalia tena, safari hii kwa furaha.

Mzee Charo naye furaha ilikuwa imempanda kichwani. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Ndugu yangu Barnabas kule Kinakomba lazima alisikie hili sasa hivi. Sheria ya chaji leo tuiache. Mbodze, nitolee simu yangu chumbani!"

Mbodze hakuinuka mkekani.

"Mwombe mkweo akurudishie," akasema. "Kava tu ndilo lake."