Choo Kisichoziba

"Choo chenyewe hakijaziba, mzee wangu," Warda alisema.

Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gesti moja ya Kibiti, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya tundu la choo. Mwanzoni alijaribu kumimina maji kidogo, yakashuka vizuri tu. Mtahini, Bwana Haidari, alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa leso.

"Usimwage maji tena," alisema kwa sauti iliyofifia. "Waya sitaki, dawa sitaki. Mkono. Kila unachotoa, kitie kwenye ndoo."

Warda aliona anaonewa. Wenzake wote, wanaume, walitahiniwa jana karakanani. Waliunga mabomba, wakafunga sinki, wakaenda zao wasafi. Yeye aliambiwa asubuhi hii kwamba mtihani wake umehamia gesti, kwenye chumba alicholala mtahini mwenyewe. Mwanamke fundi bomba, basi apewe kinyesi.

Angeondoka. Lakini mkandarasi wa maji alishamwambia kwamba bila leseni hampi kazi, na bila kazi anarudi Maparoni kuamia ndege kwenye mpunga wa shangazi yake.

Kilichomuuma zaidi ni ile leso. Hiyo, na korosho. Alikuwa amekuja na kikapu cha korosho alizokaanga mwenyewe, akamkaribisha. Wenzake walimsimulia kuwa jana mtu huyu alishinda akitafuna korosho za watu. Leo alizitazama sana, akasukuma kikapu pembeni, akanywa chai tupu kwa kuinua ncha ya leso. Kwao Maparoni mtu hakatai chakula chako hivihivi. Anakataa akikuona mchafu.

Warda alilala kifudifudi, akapeleka mkono hadi begani, kule bomba linakopinda. Kitu chenye ute kilimgusa shavu. Alichota, akatupa ndooni: tope jeusi, tambara, vifuko vya shampuu, nywele za wageni zilizosokotana. Harufu ilimkaa kooni. Kila alipotupa, Bwana Haidari aliinama kuchungulia, pua karibu iguse ndoo, kisha akamwonyesha kwa kidole aendelee. Wa kuonewa kinyaa alikuwa Warda peke yake, inaonekana.

"Nikitapika humu utanipunguzia maksi?"

"Chimba, binti."

Alichimba. Kwenye kona ya bomba vidole viligusa kitu kigumu, kimejipinda, kimekwama. Alikivuta taratibu kikatoka kimevaa tope, akakitupa ndooni bila hata kukiangalia. Alifumba macho, akageuza uso pembeni.

Alipoyafumbua, Bwana Haidari alikuwa ametumbukiza mkono mtupu ndooni. Shati hakukunja. Alitoka mbio hadi kwenye bomba la uani, akampa mgongo, na maji yakasikika yakimwagika kwa kitambo kifupi, kifupi mno.

Aliporudi, leso ilikuwa mfukoni.

"Umefaulu, binti," alisema, na kwa mara ya kwanza leo kila neno likasikika vizuri. "Leseni yako utaipata."

Akatabasamu, safu nzima ya meno meupe, bado yanadondosha maji. Kisha akavuta kikapu cha korosho, akaanza kutafuna.