Kanuni ya Nne

Kalamu ilishagusa karatasi, lakini fundi mageti hakuisogeza.

"Sahihi tu, Mzee," katibu wa mashindano akamhimiza. "Kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu."

Kitabu chenyewe kilikuwa historia ya miaka arobaini ya mashindano ya taifa ya maigizo ya ridhaa. Mwaka wa kwanza vikundi vitatu vilipambana katika bwalo la shule, na kombe lilikuwa jagi la maji. Mwaka wa sita umeme ulikatika, majaji wakatoa alama kwa kusikiliza. Kuanzia mwaka wa nane fundi alizoa tuzo ya mwigizaji bora mara tisa, akapewa sura nzima.

Fundi akaisoma tena kanuni ya nne kwenye karatasi ya kiapo aliyotakiwa kutia sahihi: aliyewahi kulipwa kuigiza, hata mara moja, afutwe. Pembeni yake mkewe alikuwa akishona kifungo cha shati, wala hakuinua macho. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amemficha mwanamke huyu jambo moja tu, na siku hizi lilimnyima raha hata mezani.

"Nifute," akasema.

"Nikikufuta wewe kinabaki kitabu au kipeperushi? Nani alikulipa?"

Akijibu, huenda akakosa kitabu na mke kwa mkupuo mmoja. Fundi aliogopa, tena sana. Akajibu hivyo hivyo.

"Marehemu baba mkwe. Binti yake alikuwa ameachwa na mchumba, chakula hakipiti, usingizi hauji. Mzee akaja na bahasha. Nijifanye nampenda, miezi mitatu tu, mpaka achangamke."

Katibu akakohoa, akaitazama dari. Katika miaka yote arobaini, majaji hawakuwahi kuletewa kesi ya namna hiyo.

Sindano ya mke ikasimama.

"Na miezi mitatu ilipoisha, baba watoto?"

"Nilisahau kuacha."

Mke akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akalikung'uta shati.

"Mwandike, shemeji," akamwambia katibu. "Katika nyumba ya baba aliyeigiza si yeye. Bahasha niliijaza mimi nikampa baba ampelekee, siku moja baada ya kumwona huyu jukwaani. Na mchumba wa kuniacha sijawahi kuwa naye."