Kila Chenye Damu

Popo wa kumi na tisa naye alikuwa safi.

Daktari wa mifugo akavua glavu, akaketi kwenye chaga za kitanda cha marehemu mkewe. Godoro lilishachomwa moto. Homa ilianza na mkewe, ikamchukua mwanawe wa kiume, ikamaliza na dada wa kazi, daktari mwenyewe yuko safarini akichanja ng'ombe wa watu. Mganga hajigangi, jamani! Alirudi akapokewa na makaburi matatu, na binti wa miaka sita akicheza kibarazani. Mungu kamwepusha huyu mmoja.

Siku hiyohiyo alimpeleka kwa bibi yake mzaa mama, ghorofa ya nne, pasipo hata kuku. Hatarudi mpaka mnyama mwenye ugonjwa apatikane. Miezi miwili sasa mtoto analia kwenye simu, na baba akikata simu analia yeye.

"Umepima kila chenye damu humu ndani?" aliuliza msaidizi wake, mama mtu mzima asiyekopesha maneno.

"Paka, mbuzi, njiwa, panya wa stoo. Hadi mjusi."

"Mjusi!" Mama akacheka, kisha akajuta.

"Mbebaji haumwi, mama. Ugonjwa umemfanya nyumba yake. Anaua wenzake, mwenyewe hata chafya hana. Huyo ndiye ninayemtaka."

Nyumba ilikuwa inamtisha. Mchana kweupe alimsikia mwanawe akikohoa chumba cha pili. Alikwenda kutazama. Alikuta kitanda kitupu na kiatu kimoja.

"Baba, hapa hakuna mnyama," mama alisema kwa upole. "Kama alikuwepo, kashakufa. Mlete mtoto wako kabla hujarukwa na akili."

Akakubali. Akashusha pumzi, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akampigia mama mkwe. Simu iliita mpaka akakata tamaa. Ikapokewa na mtoto.

"Mwanangu! Kesho nakuja kukuchukua. Mpe bibi simu."

"Bibi hawezi kuongea, baba. Kalala tangu juzi. Ana moto kama mama."

Daktari alisimama.

"Na wewe? Unaumwa?"

"Mimi mzima, baba. Nimemkumbatia tu bibi apoe, kama nilivyomkumbatia mama, na kaka, na dada."